KUGAWA DUARA: MASHINE HAIKUPIMII

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kipatimu

Barua ya Kamati iliniomba nizungumzie "jambo lolote la maendeleo" kwa muda usiozidi nusu saa. Nitajitahidi kutii, maana kutoka hapa niliposimama naona baadhi ya wenzangu wameshaanza kugeuza shingo kuelekea jikoni.

Asubuhi ya leo imetolewa hoja kwamba michango yetu ya mwaka huu inunue mashine ndogo ya CNC, yaani mashine ya kuchonga na kutoboa inayoongozwa na kompyuta kwa namba, iwekwe hapa shuleni. Hoja ilipigiwa makofi mengi. Mimi nami nilipiga. Lakini kabla hatujapiga kura jioni, naomba tuelewane juu ya kitu kinachotangulia mashine hiyo. Nitakionyesha kwa mada ndogo sana: namna ya kuchora katika kompyuta vitu vilivyopangwa kuzunguka duara, kama vile matundu ya boliti, meno ya gia, au petali za ua kwenye mlango, ili mashine ivikate. Ni mada ndogo, lakini nimeona kijiji kizima kikikosa maji kwa sababu yake.

Kazi hii si ngeni pwani kwetu

Msidhani kugawa duara kumeletwa na kompyuta. Teremkeni hadi Kilwa Kisiwani mkatazame magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati ambapo Ibn Battuta alifika Kilwa, mwaka 1331. Humo ndani mna birika la kuogea lenye pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali linalotazama bahari. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii hulipiga picha birika hilo na kwenda zao. Mimi nataka mwanafunzi wa Kipatimu alitazame na kuuliza: pembe nane zilizo sawa hupatikanaje?

Fundi mwenye kamba na mambo za kupigilia ardhini anaweza kuzipata bila kompyuta. Anapima mraba. Anavuta kamba kutoka pembe hadi pembe ili kupata kitovu. Kisha anachukua urefu wa kamba kutoka pembe hadi kitovu, na kwa urefu huo huo, kutoka kila pembe ya mraba, anatia alama kwenye pande mbili zinazokutana hapo. Alama ni nane. Akiziunganisha, amepata pembenane ambayo pande zake zote ni sawa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuthibitisha jambo hili kwa kanuni ya Pythagoras, na ningependa walimu wa hisabati wampe kazi hiyo wiki ijayo.

Vivyo hivyo wachonga milango wa Lamu na Unguja. Ua la duara linaloonekana kwenye milango yao huanza kwa bikari. Tia ncha ya bikari kwenye kitovu, zungusha. Kisha kwa upana ule ule tembea juu ya mzingo, nawe utafika ulipoanzia kwa hatua 6 kamili. Hapo umepata petali sita. Usione vyaelea, vyaundwa. Na kabla ya kuundwa, vimepimwa.

Kompyuta hufanya nini hasa?

Mwaka 1949 Mmarekani mmoja aitwaye John Parsons alipata mkataba na jeshi la anga la nchi yake. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza violezo vya mabawa ya helikopta kwa kukokotoa nukta nyingi za mkunjo, kisha kutoboa au kukata nukta moja baada ya nyingine. Kazi hiyo iliendelezwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 ikaonyeshwa mashine ya kuchonga chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo hicho hicho, alionyesha programu ya kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Mambo hayo mawili, kuchora kwa kompyuta na kukata kwa namba, leo yameshikana mikono. Moja huitwa CAD, jingine CNC.

Sasa tuchore. Tuseme tunataka kisahani cha chuma cha kuunganishia bomba na bomba, kile ambacho mafundi hukiita flenji, cha bomba la milimita 100, chenye matundu 8. Katika programu ya CAD hatuchori matundu manane. Tunachora tundu moja, mahali pake. Kisha tunaiagiza programu ilirudie kuzunguka duara, nayo inatuuliza maswali machache: kitovu kiko wapi, idadi ni ngapi, na tunajaza pembe ya nyuzi ngapi. Tukijibu kitovu, 8 na 360, matundu yote yanatokea kwa kufumba na kufumbua.

Huo ndio uzuri wake. Lakini ndani ya uzuri huo mna mitego, nami nitaitaja mitano.

Mtego wa kwanza ni kuhesabu. Ukipanda michungwa kwenye mstari ulionyooka na ukataka nafasi nane, unahitaji miche 9. Lakini ukiipanda kuzunguka duara, nafasi nane zinahitaji miche 8, kwa sababu wa mwisho ni jirani wa wa kwanza. Mwenye kusahau hilo huagiza matundu 9 hatua ya nyuzi 45, na tundu la tisa linaangukia juu ya la kwanza. Kwenye kioo haonekani mgeni. Kwenye mashine keekee inashuka mara mbili mahali pamoja, au, ikiwa ni mchoro wa petali, kisu kinapita mara mbili juu ya mbao ile ile na kuila kingo.

Mtego wa pili ni kuandika pembe badala ya idadi. Duara likigawanywa kwa 7, kila sehemu ni nyuzi 51.428571 na tarakimu zinaendelea bila kwisha. Kijana anaandika 51.4 na kuona inatosha. Akiirudia hatua hiyo mara sita, nafasi ya mwisho inayobaki ni nyuzi 51.6. Kwenye duara lenye nusukipenyo cha milimita 150, nafasi hiyo inazizidi nyingine kwa karibu nusu milimita. Kosa dogo la kila hatua limekusanyika na kukaa mahali pamoja. Mwenye bikari anaujua ugonjwa huu tangu zamani: akizidisha hatua kwa sehemu mbili za kumi za milimita, kwa hatua nane amezidi milimita 1.6. Dawa yake ni kuipa kompyuta mzunguko mzima na idadi, kisha iachiwe yenyewe kugawanya.

Mtego wa tatu ni mahali pa tundu la kwanza. Kwa desturi ya flenji, matundu hukaa pande mbili za mstari wa katikati, wala tundu halikai juu ya mstari wenyewe. Kwa hiyo, kwa matundu manane, la kwanza halianzi kwenye nyuzi sifuri bali kwenye 22.5. Ukianzia sifuri, kisahani chako kikiwa peke yake mezani ni kizuri kabisa. Kikifungwa kwenye bomba ambalo tayari limechomelewa na kukazwa ukutani, valvu inasimama upande kama mlevi.

Mtego wa nne ni duara lisilo duara. Lugha ya mashine ni mistari mifupi ya herufi na namba: G1 ni kwenda kwa mstari mnyoofu, G2 kuzunguka kufuata mwendo wa saa, G3 kuzunguka kinyume chake, G81 kutoboa tundu. Baadhi ya programu, zinapohamisha mchoro, hulivunja duara kuwa vipande vya mistari minyoofu. Duara la nusukipenyo cha milimita 100 likivunjwa vipande 36, katikati ya kila kipande panaingia ndani kwa karibu milimita 0.4. Jicho kwenye kioo halioni, lakini kidole kwenye chuma kinahisi, na mpira wa kuzuia maji unahisi zaidi.

Mtego wa tano ni kisu chenyewe. Kisu cha mashine huzunguka, kwa hiyo hakiwezi kuchonga kona kali ya ndani. Chenye kipenyo cha milimita 6 kitaacha kona yenye mviringo wa milimita 3. Mchonga milango mwenye patasi huingia hadi ncha ya jani. Mwenye mashine lazima ama abadili mchoro, ama amalizie kwa patasi. Ndiyo kusema, patasi haijastaafu.

Matundu manane yasiyokubaliana

Sasa naeleza kisa nilichosema. Kazi yangu serikalini inanizungusha kwenye miradi ya maji vijijini, na miaka michache iliyopita ilinifikisha kwenye kijiji kimoja cha pwani ambacho pampu yake ilikuwa imesimama. Flenji ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Mpya iliagizwa kutoka karakana ya mjini, na ikakatwa kwa CNC. Ililetwa ikiwa imefungwa kwa karatasi, inang'aa, matundu 8 yamepangika kama shanga. Haikuingia.

Nilikuta mafundi wawili wakibishana kama wayapanue matundu kwa moto wa gesi, na akina mama wamerudi kwenye kisima cha zamani na ndoo zao. Hali hiyo ilikuwa imefikisha wiki ya tatu.

Sababu ilikuwa karatasi ya maagizo. Iliandikwa: flenji ya inchi 4, matundu 8. Basi. Wanaojua bomba wataniunga mkono kwamba maneno hayo yanatosheleza flenji mbili tofauti. Kwa kipimo cha Kimarekani cha daraja 150, flenji ya inchi 4 ina matundu 8 juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 190.5. Kwa kipimo cha metriki cha daraja PN16, flenji ya milimita 100, ambayo madukani huitwa ya inchi 4 vile vile, ina matundu 8 juu ya duara la milimita 180. Ukiziweka kila moja kwenye meza yake hutazitofautisha. Ukizikutanisha, kila tundu linapishana na mwenzake kwa zaidi ya milimita 5, na boliti haipiti. Kuyapanua kwa moto kungeharibu uso wa chuma na maji yangevuja daima.

Aliyetatua jambo hakuwa mimi wala mwenye kompyuta. Ni mzee mmoja fundi wa baiskeli na mashine za kukoboa. Alichukua karatasi ngumu ya boksi, akaibandika kwenye flenji ya bomba iliyobaki ukutani, akaigonga taratibu kwa nyundo kuzunguka kila tundu mpaka alama zikatoka. Kisha akapima kutoka ukingo wa ndani wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu linalolikabili. Kwa nini hivyo? Kwa sababu matundu yakiwa sawa, umbali huo ni sawa kabisa na umbali wa kitovu hadi kitovu, na vitovu vyenyewe haviwezi kushikwa kwa rula, kwani viko hewani. Akasema: mia moja na tisini na nusu. Namba ile ikapelekwa mjini kwa simu. Mashine ikakata nyingine, na safari hii iliingia kwa mkono bila nyundo.

Ndugu zangu, simsimulii mzee huyu ili kuidharau mashine. Mashine ilifanya kwa usahihi mara zote mbili. Mara ya kwanza ilikata kwa usahihi namba isiyo yake, na mara ya pili ikakata kwa usahihi namba iliyopimwa. Kati ya mara hizo mbili hakuna kilichobadilika ndani ya mashine hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alijua apime nini.

Mambo matano

Kutokana na hayo nimezoea kudai mambo matano kabla ya mchoro wowote wa kuzunguka duara kupelekwa kukatwa, nami nawaachia wadogo zetu:

Kwanza, kitovu kiko wapi, juu ya mchoro na juu ya chuma chenyewe. Pili, kipenyo cha duara la matundu, na si jina la bomba. Tatu, idadi. Nne, kipenyo cha kila tundu. Tano, tundu la kwanza linaanzia wapi.

Mwenye mambo haya matano anaweza kufanya kazi kwa bikari, kwa kerezo na keekee ya mkono, au kwa mashine ya gharama kubwa kuliko zote. Aidha, anaweza kujisahihisha. Kwa flenji ya milimita 180 yenye matundu 8, umbali wa kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake lazima uwe milimita 68.88. Mwanafunzi anaupata kwa kuzidisha 180 kwa saini ya nyuzi 22.5. Hii ndiyo trigonometria tuliyokuwa tukiikariri tukiuliza itatusaidia nini maishani. Basi jibu limefika, ingawa limechelewa miaka ishirini na kitu.

Pendekezo

Ndugu Mwenyekiti, sasa nakuja kwenye kura ya jioni.

Nchi yetu si kwamba haijawahi kuitazama kazi hii. Mwaka 1973 peke yake, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Uhandisi. Mwaka 1980 ikaanzishwa TEMDO, Arusha, kwa ajili ya kubuni mitambo. Mtaala wa mwaka 2023 nao umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Mlango upo. Hoja ni tuuingieje.

Napendekeza tusianze kwa mashine. Mashine ikifika kabla ya wapimaji, itakata majina ya wageni wa heshima kwenye vibao kwa mwaka mmoja, kisha itafunikwa kitambaa na kuwekewa vase ya maua ya plastiki. Nadhani kila mmoja wetu anazijua ofisi zenye mitambo ya namna hiyo.

Tuanze hivi. Mwaka wa kwanza tununue mbao za kuchorea, bikari kubwa, vipimapembe na vipimo vya chuma, vya kutosha darasa zima, na tumwombe fundi wa hapa hapa Kipatimu aje mara moja kwa wiki kufundisha kupima vitu halisi: gia ya baiskeli, flenji, gurudumu la mashine ya kukoboa. Mwaka wa pili tununue kompyuta chache na kuzitia programu ya FreeCAD, ambayo hupatikana bila malipo na inajua kurudia umbo kuzunguka duara kama nilivyoeleza. Michoro itakayofaulu tuipeleke ikakatwe kwenye karakana zilizo tayari na mashine, kwa malipo, ili kijana ashike mkononi kitu alichokichora na akione kimeingia au kimekataa kuingia. Mwaka wa tatu, tukiwa na wanafunzi wanaojaza mambo matano bila kuulizwa, tununue mashine. Nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Najua hoja hii haina mvuto wa picha. Bikari haikatiwi utepe na mgeni rasmi. Lakini hatukuundwa kuwa chama cha kukata utepe. Tuliundwa kwa sababu shule hii ilitupa kitu, nasi tunataka kuwapa walio nyuma yetu. Miaka miwili tutakayochelewa kununua mashine haitampunguzia kijana chochote. Lakini kijana akifundishwa kubofya kabla hajafundishwa kupima, atakuwa mtumishi wa namba za watu wengine maisha yake yote, na siku namba hizo zitakapokuwa za flenji nyingine, hatajua kwa nini maji hayatoki.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha na harufu ya jikoni inashindana nami. Naomba pendekezo hili liandikwe kwenye kumbukumbu na lipigiwe kura pamoja na lile la asubuhi.